Kisiwa Kwenye Sahani

Mwezi uliopita Konsolata alinipigia simu, baada ya miaka mingi ambayo tulikuwa tukionana misibani na kwenye harusi za watoto wa watu, tukipeana mikono na kuulizana habari za magoti. Alisema akina mama wa parokia yao ya Liverpool, kitongoji cha jiji letu la ughaibuni huku kusini mwa dunia, wanakwenda kuhiji Malta na kumalizia Gozo, kisiwa kidogo kilicho jirani yake katikati ya bahari ya Mediterania, na kwamba wamemtuma atafute mtu wa kuwaandikia kwa Kiswahili maelezo ya mgeni: nchi ikoje, watu wake wamepitia nini, mtu ale nini, asikose kuona nini. "Nikawaambia namjua mtu," akasema. "Weye ulikuwa ukieleza kitu mpaka mtu anakiona." Nikamuuliza kama na yeye anakwenda. "Ehe dada. Tiketi iko hapa juu ya friji." Nikampongeza kwa sauti kubwa kupita kiasi. Tulipoagana nilibaki nimesimama jikoni kwangu Seven Hills, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, nesi anayefundisha manesi wengine, na nikausikia wivu, ule ule wa zamani, haujazeeka hata siku moja. Mimi sijawahi kufika Gozo. Lakini kuna mwaka mmoja ambao nilikijua kisiwa kile kuliko nilivyoijua nchi niliyozaliwa, na nilitaka kukijua peke yangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa unesi niliyekuja kwa visa ya masomo, na nilikuwa nikiishi na Konsolata katika chumba kimoja cha ghorofani Granville, juu ya tanuri la mkate la Walebanoni. Harufu ya mkate ilikuwa ikipanda kupitia sakafu, na treni zilipopita vikombe viligongana kabatini. Konsolata ni Mrundi aliyekulia kambini huko Kigoma, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha, maana mimi Mkamba sikujua neno la Kirundi na yeye Kiingereza chake kilikuwa bado kinatambaa. Alikuwa akinicheka. "Kiswahili chako Mwende kina mawe, kama wali wa shule." Mimi nami nilimcheka alipochanganya ngeli na kuita kila kitu kwa jina la Kifaransa. Tulikuwa tukisonga ugali kwa semolina, kwa kuwa unga wa mahindi ulikuwa haupatikani karibu, tukaula kwa maharage na mchicha wa kopo, tumekaa juu ya kitanda chake kwa kuwa changu kilikuwa kimejaa vitabu. Naandika haya ili ujue kwamba nilimpenda. Ukisoma habari za wivu bila kujua hilo, utadhani tulikuwa maadui, na adui humwonei wivu wa namna ile.

Wakala mmoja wa kuhudumia wazee majumbani alituajiri sote wawili na akatupeleka kwa mtu mmoja, Mzee Wenzu, aliyekuwa akikaa Seven Hills, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka stesheni. Mimi nilikwenda Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Konsolata alikwenda Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Jumapili alikuja Doris, binti yake. Mzee alikuwa na miaka themanini na mmoja, fundi matofali mstaafu mwenye vidole vinene kama karoti, na alikuwa amezaliwa Gozo akatoka huko kijana. Jikoni kwake palikuwa na meza yenye kitambaa cha plastiki cha maua, sanamu ya Mtakatifu Joji juu ya farasi, redio isiyozimwa, na mizani ya kusimamia pembeni ya mlango. Mizani hiyo inahitaji maelezo. Moyo wa Mzee ulikuwa umechoka, na moyo uliochoka ni kama pampu iliyolegea: chumvi hushika maji mwilini, maji yakizidi pampu inashindwa, miguu inavimba, kisha maji yanaingia mapafuni na mtu anaanza kukosa pumzi. Kwa hiyo alikatazwa chumvi kabisa, na kila asubuhi aliyekuwa zamu alimpima uzito akauandika kwenye faili lililokaa juu ya friji. Uzito ukiongezeka ghafla, piga simu. Ni kazi rahisi. Mtoto wa shule ya msingi angeiweza.

Wiki yangu ya pili nilimuuliza, kwa adabu tu, Gozo ni wapi. Akaniambia nilete mkate, ule wa duara. Akaukandamiza kwa kidole gumba mpaka ukawa na umbo la yai lililolala. "Hiki ndicho kisiwa. Ukitaka kukivuka kwa basi, hutapata hata usingizi." Akaukata kando kunionyesha tabaka. Juu, alisema, kuna jiwe gumu. Chini yake udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya buluu. Chini yake jiwe laini la rangi ya asali, ambalo wanajengea nyumba. Chini kabisa jiwe gumu tena. Mvua inapenya jiwe la juu, inafika kwenye udongo, inazuiwa, inatokea ubavuni mwa kilima kama chemchemi, na ndiyo maana Gozo kuna kijani na mashamba. Na kwa kuwa jiwe gumu la juu haliliki haraka, vilima vyote ni bapa juu kama meza. Nilikuwa nimesoma jiografia miaka mingi, na sikuwahi kuelezwa nchi kwa namna hiyo. "Sasa katikati kuna ngome, juu ya kilima," akasema, akatazama huku na huku. "Hapa panatakiwa jibini. Jibini la kondoo, dogo la mviringo, lililoviringishwa kwenye chumvi na pilipili manga. Na vijiji, kila kijiji na kanisa lake, hivyo ni kepa." Kepa ni vitumba vya maua vinavyolowekwa kwenye maji ya chumvi, vidogo kama mbaazi, kwao vinajiotea vyenyewe kwenye kuta. Nikamwambia hivyo hatuna humu ndani. Mzee akafuta meza kwa kiganja, taratibu. "Basi somo limeishia hapo."

Ijumaa iliyofuata nilipita duka la Wamalta huko Pendle Hill, nikanunua jibini mbili na chupa ya kepa, nikavificha ndani ya kopo la siagi lenye kifuniko cha njano, chini ya kabichi. Alivipanga vijiji vyote kwenye mkate kimoja kimoja, akivitaja majina. Kisha akanyunyiza chumvi ukingoni mwa kaskazini. "Hapa watu wamechonga mabwawa kwenye jiwe la pwani, madogo madogo, kama trei za barafu. Maji ya bahari yanaingia, jua linayakausha, unafagia chumvi kwa ufagio. Shangazi yangu alikuwa akifagia." Kisha, kabla sijafungua mdomo, akakila kisiwa chote, akianza na kepa ya parokia aliyokuwa akiichukia. "Hawa kwanza," akasema. Nilipaswa kuandika kwenye faili. Nilijiambia ni mara moja kwa wiki, ni kipande kidogo, na mtu mzee ana haki ya kuonja kwao.

Yangeishia hapo kama si Konsolata. Jumamosi moja jioni, tukiwa tunakula, alisema bila kuinua kichwa, "Weye unajua nani alijenga yale mahekalu ya mawe?" Mahekalu ya Gozo niliyajua: mawe makubwa kuliko magari, yaliyosimamishwa kabla ya piramidi za Misri. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari langu pamoja na vipimo. "Watu wa kale," nikasema. "Mwanamke," akasema Konsolata. "Jitu la mwanamke. Alibeba mawe huku mtoto yuko naye, na siku nzima chakula chake ni maharage na asali. Mzee alinionyesha alivyobeba. Alisimama, Mwende! Aliweka sahani kichwani!" Akacheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Kwangu Mzee hakuwahi kusimama. Mimi nilikuwa nimepewa tabaka za mawe na njia za maji, na yeye amepewa jitu lenye mtoto. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, kama walitumia mkate. Alinitazama kidogo. "Mkate gani?" akasema, akaosha sahani yake.

Tangu siku hiyo nilianza kumchunguza. Jumanne moja nilipita kwa Mzee nikamkuta akihesabu vidonge vyake kwa Kiswahili, akaniambia kwamba sita na saba na tisa Mzee anazijua, kwao wanakaribia kusema vivyo hivyo, kwa sababu Waarabu walipita kwao kama walivyopita pwani yetu, na kwamba Mzee, Mkatoliki wa rozari, anamwita Mungu Alla. Nilikuwa nimemsikia Mzee akihesabu mara mia, nikadhani ni Kiingereza kibovu. Nikashindwa kulala vizuri kwa ajili ya zile namba tatu. Jumatatu nilifika na jibini tatu. Jumatano pia. Nilisema moyoni kwamba mwanafunzi mwenye bidii hujifunza kila siku ya zamu, na Mzee, ambaye hakuwa mjinga, alinisukuma. "Yule wa Jumanne anaelewa haraka," alikuwa akisema, akilamba chumvi kidoleni. "Ana swali kila wakati." Alhamisi, nilikuja kujua, alimwambia Konsolata kwamba yule wa Jumatano ana ramani kichwani kama rubani.

Alikuwa akitufanyia mchezo wa kwao, na akanieleza mwenyewe jina lake: pika. Ni ushindani wa majirani kwa ajili ya mtakatifu wao. Mji mkuu wa Gozo, alisema, ni mdogo kuliko Seven Hills, lakini una parokia mbili zinazotazamana, bendi mbili, na katika barabara moja nyumba mbili za opera, kwa sababu wa huku walipojenga yao wa kule wasingeweza kulala. Kila kiangazi hawa wanarusha fataki, wale wanarusha kubwa zaidi. "Ni upumbavu," nikasema. "Ni upumbavu," akakubali. "Lakini niambie, mji gani mwingine mdogo hivyo una opera mbili?" Nikalipenda jibu hilo kupita kiasi. Lilinipa ruhusa. Mgeni akiniuliza leo kwa nini watu wachache hivyo wana makanisa makubwa hivyo, namjibu kama Mzee alivyonijibu, lakini naongeza jambo moja ambalo yeye hakulisema: pika inafaa mnapojenga kwa mawe. Sisi tulikuwa tukijenga kwa chumvi ndani ya mwili wa mtu.

Uzito wake ulianza kupanda mwezi wa Agosti. Niliuandika vizuri, kwa mwandiko wangu safi, na sikupiga simu. Nilijua kwamba mkate wangu hautoshi kumpandisha vile, kwa hiyo nikajua kwa uhakika kwamba Konsolata naye ana mkate wake. Naomba nikueleze hali ya akili yangu kwa ukweli, maana ndiyo sababu ya kuandika haya. Sikufikiri: Mzee anavimba. Nilifikiri: kumbe anampikia kisiwa kila siku, na anapewa zaidi. Siku moja nilichelewa kuondoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma kuvaa viatu, Konsolata akaja kuchukua koti alilosahau, nikamsikia Mzee akimwambia habari za ile ngome: jinsi maharamia walivyokuja na majeshi ya Waturuki, karibu kila mtu wa kisiwa akiwa amejificha ndani, na jinsi walivyowachukua wote utumwani Tripoli, wakabaki wazee wachache tu. Mimi habari hiyo nilipewa kwa sentensi mbili. Kwake alikuwa akiisimulia kwa kwikwi. "Kisiwa kitupu," alisema. "Milango iko wazi, mbuzi wanaingia na kutoka." Konsolata akasema, "Mimi nimeona, Papa. Kijiji chetu ilikuwa hivyo hivyo. Mbuzi ndani ya nyumba." Alimwita Papa, yaani baba, kwa Kifaransa chake. Nilifunga kamba za viatu mara mbili. Mtu anaweza kumwonea mwenzake wivu hata kwa kidonda chake. Nilijifunza hilo kwenye ngazi zile, na sikujivunia.

Wiki iliyofuata Mzee alishindwa kupumua mezani, kwenye zamu ya Konsolata, naye akaita gari la wagonjwa. Nilipofika hospitali nilimkuta ameinuliwa kitandani na barakoa usoni, miguu imejaa kama mito. Daktari alikuwa amemwambia Doris kwamba hii ni chumvi, nyingi, tena ya muda mrefu. Doris alitutoa nje kwenye korido, mimi na Konsolata. Alikuwa mwanamke mpole anayeuza viatu. "Nani amekuwa akimpa baba yangu chumvi?" Niliona kila kitu kwa mkupuo: mwajiri ataarifiwa, chuo kitaarifiwa, nafasi yangu ya unesi imekwisha, na visa pamoja nayo. Nikafungua mdomo. Sijui mpaka leo kilichokuwa kikitaka kutoka. "Mimi," akasema Konsolata. Doris akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Wewe peke yako?" "Mimi peke yangu." Na hapo, pamoja na nafuu, nilisikia kitu kingine, nakuomba usinihukumu haraka. Nilimwonea wivu. Hata ujasiri alikuwa nao yeye.

Alifukuzwa siku hiyo hiyo. Nilikwenda nyumbani kwa Mzee kuchukua nguo zake za kulalia, nikakimbilia friji nitupe kopo langu la siagi. Kabichi lilikuwepo. Kopo halikuwepo. Nikaamini Doris amelikuta, amejua, na amenisamehe kwa sababu zake, na kwa miaka yote iliyofuata nilimtumia Doris kadi kila Krismasi kwa hofu na shukrani. Konsolata alihama Granville kabla ya mwezi kwisha, akaenda Liverpool kwa watu wa kwao, akapata kazi ya kumenya mboga kiwandani. Alikuwa amekwisha kujaza fomu za kusomea unesi. Nilizikuta chini ya godoro lake, zimekunjwa mara nne.

Mimi nilipewa siku zote sita. Mzee alirudi nyumbani mwepesi na mkimya, na nikapata nilichokitaka: kisiwa kizima, peke yangu. Tulikijenga kwa mkate usio na chumvi, vipande vya tufaha na karoti za kuchemsha. Alivipanga kwa uvumilivu. Hakukila. "Yule wa Jumanne yuko wapi?" aliuliza Jumanne ya kwanza, na Jumanne ya pili, na kila Jumanne mpaka alipofariki kiangazi kilichofuata, usingizini baada ya chakula cha mchana, redio ikiimba. Kila mara nilimjibu kwamba ameajiriwa pengine. Sikuwahi kusimuliwa habari za jitu, wala sikuziomba.

Basi Jumamosi iliyopita nilipanda treni kwenda Liverpool na kurasa zangu saba za maelezo ya mgeni. Konsolata anapika kwenye kituo cha watoto wachanga sasa. Amenenepa, anatembea kama mtu mwenye nyumba. Wajukuu wawili walinisalimia kwa Kiingereza bila kutoa macho kwenye simu. "Semeni shikamoo, nyie!" akawakaripia, nao wakasema, kwa Kiingereza, kwamba wameshasema. Tulikula ndizi na maharage ya mafuta ya mawese. Alisoma kurasa zangu zote, midomo ikitembea, kisha akasema, "Nzuri. Lakini jitu liko wapi?" Akaingia chumbani akatoka na daftari la shule lililochakaa, na ndani yake kulikuwa na Gozo nyingine kabisa, imeandikwa kwa Kiswahili na Kirundi: jitu na mtoto wake, shangazi mwenye ufagio na wimbo aliokuwa akiimba, mbuzi kwenye milango iliyo wazi. Hapakuwa na tabaka moja la jiwe. Nilisoma sehemu za Kiswahili kwa dakika nyingi, na niliona wivu kila ukurasa. Kisha nikalifunga nikasema nililokuja kusema. "Konsolata, chumvi ile nilimpa na mimi. Kila zamu. Niliacha uibebe wewe."

Akamenya chungwa lote bila kukata ganda. "Kopo la siagi," akasema. "Kifuniko cha njano, chini ya kabichi. Nililiona tangu mwanzo. Walipomchukua na gari la wagonjwa, mimi nilibaki kufunga mlango. Nililitoa nikalitupa pipa la jirani." Akanipa nusu ya chungwa. "Kwanza nilionja. Jibini lako lilikuwa zuri kuliko langu. Nilikasirika!"

Nikamuuliza kwa nini. Nilitarajia aseme ni kwa ajili ya visa yangu, au masomo, au urafiki, na nilikuwa tayari kulia. "Bon," akasema, "tungefukuzwa wote, nani angebaki naye? Doris angemletea mtu wa kumwashia televisheni. Papa angekaa mwaka mzima hapo, hakuna hata mtu mmoja anayejua Gozo ni wapi." Akafuta mikono. "Na mie nilikuwa nimechoka kukuonea wivu, Mwende. Papa alikuwa akikusifia mpaka natamani kumpiga. Rubani, rubani."

Nimeyaandika upya maelezo ya akina mama wa Liverpool. Tabaka za mawe zimo, na jitu limo, na nimemwandika Konsolata juu pamoja nami, jina lake likitangulia langu kwa kuwa ndiye anayekwenda. Nimewaeleza feri inachukua muda gani, wavae viatu gani ngomeni, kwa nini kuna opera mbili. Aya ya mwisho inahusu pwani ya kaskazini. Nimeandika: chumvi inauzwa pale pale, kwenye mifuko midogo, nayo ni nzuri sana. Nunueni. Lakini mkiwa na mzee nyumbani mnayetaka kumpelekea, ulizaneni kwanza ni nani mwingine amemnunulia.